Ngoma haikusimama

Ndugu, jamaa na marafiki, kwa heshima kubwa nawatangazia kwamba leo mikono yangu imemaliza ibada nzima ikiwa hai.

Mnaocheka mnajua sababu. Sadaka ya mavuno mwaka jana, hapa Balangdalalu, ngoma ya kwaya ninayoipiga ilinyamaza watu wakiwa bado njiani kuelekea madhabahuni na madebe yao ya mahindi. Mikono iligoma. Kwaya ikasema nikishindwa tena, nahamia kwenye kayamba.

Basi Jumanne nikaenda kwa Mama Paskalina, aliyeipiga ngoma hiyo kabla yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hebu piga nione."

Nikapiga. Akacheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Baba Elisante, unapura maharage? Mabega ya nini huko juu? Shika fimbo kwa ulegevu. Ikigonga, iache irudi yenyewe."

Miaka yote hiyo nilikuwa napura, wapendwa.

Leo, sadaka ya mavuno tena, nikalegeza. Mahindi yakapita, kuku wakapita. Halafu mbuzi wa mwisho akalala katikati ya kanisa, akakataa kuinuka.

Kwaya ikarudia wimbo mara nne. Mimi napiga tu, mabega chini. Mlionicheka mwaka jana, semeni kitu hapa chini.

Sasa ukweli wote, maana mashahidi wapo. Nililegeza kupita kiasi. Fimbo ya kulia ikanitoka, ikatua kwa akina mama wa sauti ya kwanza. Nikaendelea kwa kiganja, hadi mbuzi alipobebwa madhabahuni.

Lakini ngoma haikusimama.