Nilimwona Mume Wangu Kwenye Kanda ya Wapiga Picha

(Msomaji huyu ametuandikia kutoka Mwanza. Jina lake na la studio anakofanya kazi tunabaki nayo sisi.)

Mhariri, nifichie jina kama unavyowafichia wengine, maana nikijulikana sina pa kukimbilia. Ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, nimeolewa, nina watoto wawili, tumepanga Mirongo. Mume wangu ni mvuvi mwenye mtumbwi wake, na mimi nafanya kazi kwenye studio ya video hapa mjini, hizi za harusi na kipaimara. Hadi juzijuzi nilijiona mwenye bahati. Mume wangu hanywi, hanipigi, na mama yangu mzazi, anayekaanga sato sokoni, anamsifu kwa kila mteja kwa sababu samaki anauziwa na mkwe wake kwa bei ya kindugu.

Mwezi uliopita walikuja wapiga picha kutoka Dar wanaotengeneza filamu kuhusu ziwa. Kamera yao ni ya kisasa, ya dijitali. Picha zake ni safi mno lakini ni nzito, kompyuta yetu haiwezi kuzibeba jinsi zilivyo. Kazi yangu ni kuzihamisha kutoka kwenye kanda na kuzibana ziwe nyepesi, ili bosi aweze kuzikata na kuziunga. Zikibanwa zinaingia ukungu kidogo, lakini haidhuru, maana bosi akishamaliza kupanga, wale wa Dar watarudi, na sehemu alizochagua bosi zitachukuliwa upya kutoka kwenye kanda mbichi, zikiwa safi kama zilivyopigwa.

Basi asubuhi moja nilikuwa peke yangu, kanda inazunguka, natazama kwenye televisheni huku nakunywa chai. Walikuwa wamepiga kutoka juu ya mawe, mbali, kisha kamera ikavuta taratibu mpaka kwenye mtumbwi mmoja. Wanaume wawili. Mmoja ameshika kasia, mwingine amejifunga kitambaa puani, anamimina kitu majini kutoka kwenye dumu. Baadaye samaki wakaanza kuelea, matumbo juu. Yule mwenye dumu akashusha kitambaa ateme mate, akageuka upande wa kamera bila kujua anatazamwa. Alikuwa baba wa watoto wangu.

Wasomaji, chai ilinimwagikia mapajani wala sikuisikia. Dumu lile nalijua. Ni la dawa ya kuulia wadudu wa pamba, alilitoa kwa kaka yake huko Misungwi akaniambia anamtunzia rafiki yake mkulima. Hapo ndipo nilipokumbuka kuwa siku hizi haleti samaki nyumbani. Nikimwuliza husema, "Nimechoka na shombo, pika maharage." Nyumbani kwake haleti, kwa mama yangu anapeleka! Na watoto wakitoka shule hupitia kwa bibi yao, wakala pale pale penye karai.

Bosi alipoitazama ile picha niliyoibana alipiga makofi. "Hii ndiyo filamu yenyewe! Ila sura haionekani vizuri." Nikaitoa kanda, nikaifungia kabatini. Kwenye kanda mbichi linaonekana hadi jino la mume wangu lililovunjika.

Nilishindwa kuvumilia. Jumapili tulipotoka kanisani nikamweleza mume wangu nilichokiona. Nilidhani atakana, au atanipiga. Aliendelea tu kumfunga mtoto kamba za viatu, akauliza polepole, "Nani mwingine ameiona?"

"Sura yako nimeiona mimi tu."

"Basi ifute. Si wewe unayekaa na hizo mashine?"

"Mama anauza hao samaki. Watoto wako wanakula."

"Kwani kuna aliyekufa?" Akambeba mtoto, akatoka naye nje.

Kesho yake nilikwenda sokoni. Nikamwambia mama, "Mayu, hawa usiwakaange." Akauliza, "Kwani wameoza?" Wateja walikuwa wamesimama pale, wanasikiliza. Nikaliinua beseni la samaki nikalimwaga mtaroni. Mama alinizaba kofi mbele za watu. "Mwenzio anakesha ziwani kwa ajili yangu, wewe unamwaga jasho lake!" Jioni mume wangu akaniambia, tena anatabasamu, "Mama hana kinyongo. Nimemwahidi wengine, wakubwa kuliko wale."

Tangu hapo kila nikitoka kazini namkuta amekaa nje ya studio ananisubiri. Wenzangu wananionea wivu, wanasema nimepata mume. Yeye anawasalimia vizuri, anawauliza wale wa Dar wanarudi lini. Wakamwambia mwisho wa mwezi. Jioni hiyo hiyo akaniambia niache kazi, tutahamia kwenye kambi yake ya uvuvi kisiwani kabla mwezi haujaisha, watoto watabaki kwa bibi yao. "Na hiyo kanda uje nayo," akasema. Huko kisiwani simjui mtu, na kuogelea sijui. Hajanyanyua mkono hata mara moja, na hilo ndilo linalonitia hofu zaidi.

Ufunguo wa kabati la kanda ninao mimi. Nikiifuta, ziwa litaendelea kumiminiwa sumu na watu wataendelea kula. Nikiipeleka polisi, baba wa watoto wangu anafungwa, na mama yangu naye ataulizwa, kwa kuwa aliyewauzia watu ni yeye.

Wiki hii mtoto wangu mdogo alitapika mpaka akalegea. Tulimkimbiza hospitali. Daktari akaniuliza, "Mama, huyu amekula nini?" Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, karibu kabisa, nasikia pumzi zake shingoni. Nikajibu, "Uji."

Mimi, mama yake mzazi, nilisema uji. Mungu akasaidia, mtoto amepata nafuu, leo anacheza uani. Sasa hivi ananivuta gauni anataka aende kwa bibi yake, na baba yake anasema nimwache aende. Ndugu zangu mnaosoma hapa, mliowahi kumwogopa mtu mnayelala naye kitanda kimoja, niambieni, nifanye nini?