Pusupusu ya Vyuma Vibovu

Ugonjwa ulimwachia mume wangu miguu na sauti, ukamharibia mkono wa kuume. Alikuwa fundi wa magari hapa Kolwezi, mtu wa kuzunguka mitaa na sanduku la vyombo begani. Sasa mkono ulitetemeka, na sanduku hakuweza hata kulinyanyua. Miezi mingi alikaa mlangoni, akitazama malori ya kutoka Fungurume yakipita. Tulikula kwa mikate ya mafuta niliyokaanga na kuuza sokoni.

Asubuhi moja akaniambia, "Mama, kama mi siwezi kubeba atelie, itembee yenyewe. Tutengeneze pusupusu, tuweke vyombo yote ndani, tusukume."

"Na nani atasoude vyuma?"

"Weye."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Tukakusanya vyuma: fremu ya kitanda kilichovunjika, bati zito la nyuma ya kamioneti iliyokufa, droo za kabati la ofisi, magurudumu mawili ya toroli za ujenzi. Jirani, mzee mmoja wa Kasai, alituruhusu kutumia mashine yake ya kuchomelea, uani kwake. Nikavaa salopeti ya kazi ya mume wangu. Miaka ile ya Zaïre, mwanamke kuonekana barabarani na suruali ilikuwa matata, kwa hiyo njiani nilijifunga kitenge juu yake. Nikifika nilikivua, maana cheche zingekichoma.

Siku ya kwanza kijiti cha kuchomelea kiliganda kwenye chuma. Nikakivuta, kikaganda tena. Siku ya pili niliunga mguu mmoja wa pusupusu. Mume wangu akaugonga kwa nyundo, ukaanguka. Nililia ndani ya kinga ya uso, nyuma ya kile kioo cheusi, ambapo hakuna aliyeniona.

Nadhani alijua. Alikuja akasimama karibu yangu.

"Usiangalie moto tu. Sikia. Mafuta ikiwa na moto muzuri, mukate inalia namna gani?"

"Inalia taratibu, moja kwa moja. Mafuta hairukiruki."

"Njo vile. Ukisikia inarukaruka, kijiti iko mbali na chuma. Sogeza."

Nikasikiliza. Kijiti kilichachatika, kikarusha cheche, nikakisogeza, na ghafla nikaisikia sauti ninayoijua kuliko zote. Nikaifuata mpaka mwisho wa chuma. Mume wangu akagonga mara tatu, mguu haukutikisika. Akagonga ya nne kwa ubishi tu.

Hata hivyo pusupusu yenyewe ilitoka imeinama, kwa kuwa gurudumu moja lilikuwa kubwa kuliko lingine. Tulipoisukuma mara ya kwanza ilikwenda kushoto, ikagonga uzio wa mzee. Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Tukakata ekseli, nikaiunga upya mpaka ikaenda sawa.

Kazi ya kwanza ilikuwa breki za lori lililokwama karibu na soko. Mume wangu alifungua kwa mkono wa kushoto, na palipotaka mikono miwili nilishika mimi. Dereva akauliza nani alitengeneza atelie ile.

"Mama huyu," mume wangu akajibu, bila kuinua kichwa.

Wiki iliyofuata mama mmoja wa mtaani kwetu alibisha hodi, ameshika mbabula, jiko lake la makaa lililokatika mguu.

"Tata hayuko," nikamwambia, nikidhani anamtaka mume wangu. "Ameenda kazi."

"Sitafute tata," akasema. "Mi natafuta weye."