Nondo wa Mwalimu

Mwalimu niliyekuwa nikimwendesha Doha alikuwa mama wa Kimarekani, mtu mzima, hana mume wala mtoto, na shida yake duniani ilikuwa nondo wa aina moja. Ni vile vipepeo vya usiku vinavyozunguka taa. Aliniambia kiwavi wake hutembea kwa kujikunja na kujinyoosha, kama fundi anayepima kitambaa kwa shibiri. Nondo mwenyewe huruka majuma machache tu mwanzoni mwa kiangazi, kwenye vinamasi vya kwao, na hata wataalamu wa huko wengi hawajamwona.

Kwa hiyo kila mwaka shule ilimruhusu kuondoka mapema. Mimi ndiye niliyempeleka uwanja wa ndege, nikamshushia masanduku yenye taa na mashuka meupe ya kumnasia nondo wake, kisha nikarudi mtaani kwetu Abu Hamour kuosha gari vumbi. Nilimwonea wivu, sitaficha. Nilipoondoka Tanga binti yangu alikuwa anatambaa, na sasa alikuwa sauti tu kwenye simu. Kila nilipoomba likizo, meneja wetu wa magari alisema mwakani, inshallah, madereva ni wachache. Mara mbili alikubali, nikawatangazia nyumbani, akaahirisha. Mke wangu akaacha kuuliza. Nami nikachoka, maana kuomba nako ni kazi.

Mwaka mmoja mwalimu alirudi na picha. Alinionyesha kabla hata hajafunga mkanda: nondo mwenyewe kwenye shuka, mdogo, wa kijivu, wa kawaida kabisa, ungemfagia bila kumtazama. Mama wa watu akalia garini. Akaniuliza mimi ningependa kuona nini. Nikamwambia, mtoto wangu. Akaiweka picha mkobani, nami nikaendesha mpaka kwake; sikuwa na nguvu ya kueleza zaidi.

Likizo yangu ilitoka mwaka uliofuata. Safari hii sikumwambia mtu. Nilifika nyumbani mchana, miguu imevimba, nikapiga hodi. Akatoka msichana mwenye sare ya shule, paji la uso ni la mama yangu kabisa. Akafuta mikono kwenye sketi, akakunja goti kidogo kama alivyofundishwa kuwaamkia wageni.

"Shikamoo, mjomba. Nimwite mama?"

Nilikuwa nimechoka mno.

"Marahaba," nikasema. "Mwite."