Mbuzi Watatu na Gari Nililolishusha

Niliambiwa kwamba ukilaza magurudumu ya nyuma, juu yaingie ndani na chini yatoke nje, nusu ya tairi inatembea na nusu inapumzika. Ile ya kwanza ikizeeka, unageuza, unaanza na iliyopumzika. Tairi moja, maisha mawili! Jamaa mmoja wa gereji Kasikeu alinieleza hivyo akitafuna miraa, nami nikaamini kama mahubiri. Mimi, niliyesoma shule ya jioni mpaka nikapata cheti, na fizikia ikiwa ndani!

Nilikosa, jamani. Kosa ni langu lote.

Gari langu nililishusha mpaka kuku wa kwetu Kanyangi hawakuweza kupita chini bila kuinama. Tairi za nyuma zikaanza kukwaruza fenda, lile bati la juu ya gurudumu. Nikazilaza kama nilivyofundishwa, nikakunja ukingo wa fenda kwa nyundo, nikapima nafasi. Kidole kimoja kinapita! Nikajipigia makofi.

Siku ya kupeleka ntheo ikafika. Hao ni mbuzi ambao kwetu Ukambani, bila wao, msichana si mke wako hata mzae timu ya mpira. Msichana ni Mueni, kwao ni Nuu. Aliniomba kwa simu, "Tafadhali, tafuta pikapu. Barabara ya kwetu unaijua."

"Pikapu ni ya kubeba mahindi," nikamwambia. "Wewe ngoja uone vile nitaingia!"

Nikapakia mbuzi watatu kwenye buti. Kiti cha nyuma wakabanana wazee watatu, na kati yao, upande wa gurudumu la kushoto, akakaa Mzee Kioko, baba yangu mdogo, ambaye ndiye angenisemea kwa wakwe. Gari likakaa chini kama kuku anayeatamia. Ile nafasi ya kidole kimoja ikapotelea hapo, na tairi zikazidi kulala. Sikuinama kuangalia.

Tulipopita Mwingi, harufu ikaanza.

"Kijana, kuna mpira unaungua," Mzee Kioko akasema.

"Hapana, baba. Ni watu wanachoma makaa huko porini."

"Makaa gani haya yanatufuata?"

Wazee wakacheka. Nami nikacheka, tena kuwashinda! Lakini nilijua. Haki ya Mungu nilijua! Niliona tu aibu kusimama nianze kuchungulia chini ya gari ambalo nilikuwa nimelisifu tangu nyumbani.

Kwenye korongo la mchanga, karibu kabisa na Nuu, tairi ikapasuka. Gari likayumba, likagonga ukingo upande wa kushoto. Mkono wa baba mdogo ukavunjika. Buti ikafunguka, mbuzi wakatokomea vichakani kama watu waliokuwa wamepanga. Hatukupata hata mmoja!

Kwa kina Mueni walikuwa wamepika tangu alfajiri. Babake akanipigia, watu wote wakisikia: "Mtu asiyeweza kunifikishia mbuzi, atamfikisha msichana wangu wapi?" Akakata.

Tangu siku hiyo Mueni hashiki simu yangu. Nilimfuata kanisani, akahamia kwenye viti vya akina mama. Nimekonda mpaka mshipi umeisha mashimo. Nikiona mbuzi njiani namkazia macho, nikidhani labda ni wangu. Nitafanya nini mimi? Bila huyo msichana, hata kwa hilo gari nitampeleka nani?

Vijana wenzangu, mkitaka kushusha gari, shusheni. Lakini kabla ya kukaza boliti ya mwisho, jazeni watu na mizigo, ndipo mpime. Na mzee akisema ananusa kitu, simameni! Aibu ya kusimama inaisha hapo hapo. Yangu naamka nayo kila asubuhi.

Juzi nilimwendea baba mdogo, kumwomba anisemee tena huko Nuu. Nilibeba ile tairi iliyopasuka, nijitetee. "Ona, baba, nusu hii bado ni mpya kabisa. Ilikuwa imepumzika. Ni barabara ndiyo mbaya!"

Akapitisha mkono wake usiovunjika upande ule mpya, kisha upande wa ndani, pale waya zilipokuwa zimetokeza. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza!

"Mwanangu," akasema, "hakuna nusu iliyokuwa inapumzika. Nusu moja ndiyo ilikuwa inatubeba sisi wote."