Visiki vya Mama Zamoyoni

Mwaka wa kwanza wa ujane wake, Mwanaidi, ambaye kijijini aliitwa Mama Zamoyoni, alifiwa na ng'ombe watano, na kosa lilikuwa lake mwenyewe, hakumsingizia mtu. Alikuwa binti wa Shinyanga mjini, baba yake muuza vitambaa mwenye asili ya Ujiji, na mambo ya ngitili, malisho yanayofungwa yawe akiba ya kiangazi, aliyakuta ukweni, karibu na Mhunze. Marehemu Ngassa, mumewe, alikuwa akilifunga eneo la malisho nyuma ya nyumba tangu mvua za kwanza, asikanyage humo mnyama hata mmoja, mpaka kiangazi kikolee ndipo alifungue kipande kwa kipande. Mwanaidi aliona majani yamejaa mwezi wa Juni na ng'ombe wamekonda, akawahurumia, akalifungua lote. Oktoba hapakuwa na unyasi. Alilia siku mbili, ya tatu akachukua panga akaenda kukata miiba ya kuzibia.

Huo ulikuwa mwaka wa themanini. Kufikia themanini na sita, mvua zilikuwa zinakuja zikijisikia, lakini ndani ya ile miiba kulikuwa na jambo. Visiki vya migunga, iliyokatwa zamani watu walipolima pamba mpaka mlangoni, vilichipua bila kupandwa na mtu. Vingine vilimfika begani.

Mabula, mwenyekiti wa kijiji, hakuona miti. Aliona uvivu. Akatangaza mkutanoni kwamba eneo lisilolimwa ni pori, na kwamba Septemba pori la Mama Zamoyoni litagawiwa kwa wakulima wa pamba.

Wiki ile ile akaja Donatus, bwana miti, kijana mpole, gari limejaa miche ya mikaratusi.

"Shikamoo, mama. Panda miche mia mbili hapa, litaandikwa shamba la miti. Mwenyekiti hatakugusa."

"Marahaba. Na visiki vyangu?"

"Tuving'oe, tupate mistari. Mama, wataalamu wanasema huku kunageuka jangwa. Joto litazidi, mvua itapungua."

"Nawasadiki," alisema Mwanaidi. "Ndiyo maana sing'oi. Miche yako inataka kunyweshwa, na mimi maji ya kunywa nayafuata mwendo wa saa mbili. Hivi visiki vimepigwa shoka, vimechomwa moto, vimelimwa juu yake, bado vinachipua. Hilo joto linalokuja, wewe ungemtuma nani alikabili?"

Donatus alicheka, akaondoka na miche yake. Mwanaidi hakucheka. Ule ulikuwa mlango wa kuponea, naye ameufunga kwa mkono wake. Usiku aliogopa, asubuhi akaongeza miiba.

Miche ile ilipandwa nyuma ya shule. Hadi Agosti zilibaki fimbo.

Septemba, jua halijapanda, Mabula akafika na wanaume sita wakiwa na kamba ndefu ya kupimia. Walimkuta Mwanaidi amesimama penye mwanya wa uzio, fimbo mkononi.

"Mama Zamoyoni, tupishe."

"Leo ndiyo siku yangu ya kufungua," alisema. "Nafungua upande wa magharibi tu. Mwenye ng'ombe na awalete, sichagui. Ila aliyeshika kamba hiyo, ng'ombe wake hawaingii."

Wale sita walitazamana. Kijiji kizima hakikuwa na malisho ya kumtosha mbuzi. Mmoja akaachia kamba, akasema anakwenda nyumbani mara moja. Wa pili akamfuata. Wengine walipokuwa bado wanakuna vichwa, akatokea Bernadina, mke wa Mabula, akiswaga ng'ombe wanne wenye mbavu za kuhesabika.

"Nani amekutuma?" Mabula alimuuliza.

"Njaa yao," alijibu mkewe. Kisha akamgeukia Mwanaidi. "Mwangaluka, mayu."

Mwanaidi aliitikia salamu, lakini aliweka fimbo mbele ya ng'ombe wa kwanza. Ilimuuma kufanya hivyo.

"Mumeo bado ameshika kamba."

"Hii ni serikali ya kijiji," Mabula alisema, sauti imepungua.

"Najua, Mwenyekiti. Na hawa ni ng'ombe wako."

Bernadina alimtazama mumewe. Mabula akaizungusha kamba, akaibana kwapani.

"Chini," alisema Mwanaidi.

Akaiweka chini. Mwanaidi alivuta tawi la miiba, ng'ombe wakapita wakisukumana.

"Mwakani nitalirudisha jambo hili mkutanoni," Mabula alisema huku akijikung'uta mikono.

"Lirudishe. Ulisemee mbele ya watu hawa hawa, watoto wao wakiwa wameshiba maziwa."

Akamwachia ng'ombe wa mwisho apite, kisha akaurudisha mwiba mahali pake.