Mistari Miwili ya Uhamisho

Pale makao makuu ya bohari ya dawa walimwita Mama Mfumo, kwa sababu programu ya kuwapangia wafanyakazi vituo aliiandika yeye. Bintiye alikuwa mbali, kwenye mji wenye tawi la bohari hiyo, akilelewa na bibi yake. Mtoto alishaanza kumwita bibi "mama", na yeye "mama wa simu". Neno hilo lilimchoma. Aliomba uhamisho, meneja akampiga danadana mpaka akachoka. Hatimaye mwenzake mmoja wa kule tawini akakubali wabadilishane vituo. Furaha iliyompata, usiseme!

Programu ilijua kuhamisha mtu mmoja tu, kubadilishana hakukuwamo. Akaketi akaongeza mistari miwili haraka haraka: kituo chake kiwe kituo changu, kituo changu kiwe kituo chake. Ukiisoma kwa macho, haina kasoro. Lakini kompyuta haifanyi yote kwa mpigo mmoja. Huchukua kilichomo katika jina moja, ikakiweka katika jina jingine, na kilichokuwamo kikafutika. Mstari wa kwanza ulimleta mwenzake makao makuu, na tawi likafutika. Wa pili ukaenda kutazama mwenzake yuko wapi, ukakuta makao makuu. Basi na yeye akabaki palepale.

Ukitaka kubadilishana chai na maziwa vikombeni, lazima uwe na kikombe cha tatu cha kushikia kimoja. Somo hilo yeye ndiye huwafundisha waajiriwa wapya. Siku ile akili yake ilikuwa imeshapanda basi.

Mfumo ukaona tawini pana nafasi, ukampa mtu mwingine, na orodha ya vituo ikabandikwa ukutani.

"Bosi, kosa ni langu. Niruhusu nirekebishe, tafadhali," alimwambia meneja.

"Dada yangu, si wewe uliyesema mfumo ukishapanga, mtu asiguse kitu mpaka mwaka ujao?"

Ni yeye. Alichoshwa na wakubwa waliokuwa wakichomeka ndugu zao, akaufunga mfumo kwa mikono yake mwenyewe. Sasa amejifungia ndani. Alitamani kupiga kelele, lakini akarudi kwenye kiti chake.

Jioni alimpigia mama yake.

"Vipi mwanangu, unakuja lini?"

Kabla hajajibu, akasikia sauti ya bintiye huko nyuma: "Mama, ni yule wa simu?"

"Mwambie ndiyo, mama," alisema. "Mwambie ni yule wa simu."