Betri ya Chini ya Kitanda cha Mama

Mama hashuki kitandani asubuhi bila kwanza kuteremsha koroboi hadi sakafuni kwa kamba. Mwali ukibaki umesimama, anaweka miguu chini. Ukizimika, anabaki juu ya kitanda, anasukuma dirisha kwa fimbo na kungoja jua. Nyumba yake iko magharibi mwa Goma, ndani ya bonde dogo la mawe meusi ya volkano, na huko mazuku hutoka ardhini: hewa nzito, haina rangi, inatulia chini kama maji. Aliyesimama haoni kitu. Aliyeinama anaweza asiinuke.

Nyumba ilijengwa na marehemu baba, na mama alikataa kuhama. Kwa hiyo nikamtengenezea king'ora. Sikusomea umeme, nilijifunza kwa kufungua redio za watu na kuandika kila waya kwenye daftari. Kipimo cha hewa nilikifunga kwenye mguu wa kitanda, kiganja kimoja kutoka sakafuni. Shida ilikuwa betri. Kipimo hicho lazima kikae cha moto saa zote ndipo kinuse hewa, na umeme wa mtaa ule hukatika bila taarifa, pengine siku mbili.

Mara ya kwanza nilichagua lithiamu, seli nilizozitoa kwenye kompyuta za mkononi zilizokufa. Ni nyepesi na zinajaa upesi. Nilizipanga ndani ya boksi, na kwa kuwa nafasi ilibaki, nikaongeza matundu matatu ya kuchajia simu. Hayo niliyaweka kwa majivuno tu.

Wiki ya tatu nilifika asubuhi, jua limeshatoka. Nilibisha, mama akajibu kwa sauti ndogo, akiniita papa, yaani baba, kama desturi yake:

"Usiingie mbio, papa. Acha mulango wazi kwanza."

Nikamwona kitandani, magoti kifuani, kamba mkononi.

"Taa imekataa mara mbili."

Chini, kuku wake wanne walikuwa wamelala wamesogeleana, mabawa yamekunjwa vizuri. Hakuna hata unyoya uliotawanyika. Katikati yao lilikuwa boksi langu, na simu tatu za majirani zimechomekwa. Zilikuwa zimenyonya betri yote. King'ora kilikuwa kimya.

"Batu hawana umeme," mama alisema. "Ningewanyima namna gani?"

Simu moja ikaanza kulia pale sakafuni, kati ya kuku. Ililia mpaka ikachoka. Hakuna aliyeinama kuichukua.

Nilikaa na jambo hilo siku nyingi. Simu zilikuwa kosa dogo. Kosa kubwa ni kwamba boksi la lithiamu lina kilinzi chake: nguvu ikishuka mno, linakata ghafla. Na ukimya wa king'ora kilichokufa ni uleule wa king'ora kinachosema hewa ni safi. Mama aliusikiliza ukimya ule usiku kucha akaamini yuko salama. Aliyesema kweli ni koroboi.

Sokoni nilipanga betri za risasi, zile nzito za volti sita, moja moja nikiwasha balbu na kutazama saa. Muuzaji alishindwa kuvumilia.

"Muzee, unatafuta betri ao unatafuta bibi wa kuoa? Tangu asubui unazipima-pima!"

"Bibi akichoka anasemaka," nilimjibu. "Natafuta betri yenye kusema."

Nikachukua ile ambayo balbu yake ilififia polepole kuliko zote. Haikuwa yenye kudumu zaidi. Boksi jipya halina tundu hata moja, na nimekipangia king'ora kutoa mlio mfupi kila dakika, hata pasipo hatari yoyote. Betri ikichoka, mlio unakonda na kuchelewa. Ukikosekana kabisa, mama asishuke.

Mimi naishi Katindo, mtaa mwingine wa Goma. Kila asubuhi nampigia simu, naye anaishusha karibu na ukingo wa kitanda. Hatusalimiani. Tunangoja. Nasikia pumzi yake, nasikia kuku wapya wakikwaruza, kisha sisikii kitu, na dakika moja inakuwa ndefu kuliko nilivyoipima kwenye daftari. Jana dakika ilipita bila mlio. Nilihesabu hadi sitini, nikaendelea: sitini na moja, sitini na mbili. Kuku nao walikuwa wametulia.

Ndipo ukalia, mwembamba, kutoka chini.

"Umesikia?" mama akasema. "Inachoka. Lete ingine leo. Sasa unisalimie."